Mizani ya Mashahidi

Tarehe 17 Oktoba 1989, saa 11:04 jioni, ardhi ilitikisika katika milima ya Santa Cruz, California. Mjini Oakland, karibu kilomita 90 kutoka kwenye kitovu, kulikuwa na barabara ya ghorofa mbili iliyoitwa Cypress: magari ya upande mmoja yakipita juu, ya upande wa pili chini. Kipande kirefu cha barabara hiyo kiliporomoka, ghorofa ya juu ikailalia ya chini, na watu 42 wakafa humo. Kipande kilichobaki cha barabara hiyohiyo, cha zege lilelile na cha miaka ileile ya 1950, hakikuanguka.

Siku chache baadaye wanasayansi walifika na mashine za kubeba za kupimia mtetemo, wakazipanga kando ya magofu, wakaanza kusikiliza matetemeko madogo ambayo huja nyuma ya kubwa kama watoto nyuma ya bendi. Susan Hough na wenzake walichapisha walichosikia mwaka 1990. Chini ya kipande kilichoanguka palikuwa na tope laini la ghuba. Chini ya kile kilichosimama palikuwa na mchanga na kokoto zilizoshikamana. Tetemeko lilelile likipita, tope liliukuza mtikisiko kuliko kokoto zilivyofanya.

Jioni ile dunia ilitangaziwa namba moja, ambayo leo tunaijua kama 6.9. Ni namba sahihi, lakini kwa zimamoto wa Oakland haina faida kubwa. Ukubwa wa tetemeko ni habari ya tetemeko lenyewe, kama nguvu ya mkono wa mpiga ngoma. Ukali wa mtikisiko ni habari ya mahali. Ngoma ileile husikika namna moja kwa jirani wa ukuta mmoja, namna nyingine ng'ambo ya bonde, na namna nyingine kabisa kwa mtu aliyelala chini ya bati lililolegea misumari, ambalo hulia lenyewe kila ngoma inapolia. Cypress ilikuwa chini ya bati hilo. Zimamoto alihitaji mtu wa kumwambia, kabla moshi haujamwonyesha, bati limelegea wapi.

Kazi ya kuchora jibu hilo ina umri mrefu kuliko mashine za leo. Baada ya tetemeko la Desemba 1857 kusini mwa Italia, mhandisi wa Ireland, Robert Mallet, alizunguka vijiji vilivyobomoka akikagua nyufa za kuta na vitu vilivyopinduka, kisha akachora mistari inayounganisha mahali palipoumia kwa kiasi kimoja. Mwaka 1902 Giuseppe Mercalli, padri na mtaalamu wa volkano, alitoa ngazi zake za ukali, na mwaka 1931 Harry Wood na Frank Neumann wakazirekebisha zilingane na nyumba za Marekani. Ngazi hizo hazihitaji mashine yoyote. Zinauliza mambo ambayo hata bibi angeyauliza: waliolala waliamka? Vyombo vilitingishika kabatini? Plasta ilibanduka? Watu walishindwa kusimama? Naupenda unyenyekevu wa kipimo hiki. Kinakubali kwamba nyumba, sahani na usingizi ni ala za kupimia, na kwamba mwenye nyumba anastahili kusikilizwa. Ubaya wake ulikuwa mwendo. Ramani za aina hiyo zilikamilika baada ya wiki au miezi, marehemu wakiwa wameshazikwa.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa aibu ya Los Angeles. Tarehe 17 Januari 1994, saa 10:30 alfajiri, tetemeko la ukubwa wa 6.7 lilipiga chini ya Northridge, katikati ya jiji lenye barabara, simu na wataalamu wengi kuliko karibu jiji lolote duniani. Katika mji huo mzima, hakuna aliyeweza kukaa mezani na kuona, kwa karatasi moja, mtikisiko ulikuwa mkali wapi. Ndipo Taasisi ya Jiolojia ya Marekani, chuo cha Caltech cha Pasadena na idara ya madini na jiolojia ya jimbo la California wakaunganisha vituo vyao vya kupimia katika mradi ulioitwa TriNet. Juu ya mtandao huo David Wald na wenzake walijenga programu waliyoiita ShakeMap. Kazi yake ni kuchora, ndani ya dakika chache na bila mtu kuigusa, ramani ya mtikisiko kwa rangi: buluu palipotikisika kidogo, kijani, njano, machungwa, hadi nyekundu iliyoiva.

Jaribio lake kubwa la mwanzo lilikuja tarehe 16 Oktoba 1999, saa 8:46 usiku. Tetemeko la Hector Mine lilikuwa la 7.1, kubwa kuliko la Northridge kwa mbali. Liliwaamsha mamilioni ya watu na kuitoa relini treni ya abiria iliyokuwa ikipita jangwani. Lakini ramani ilionyesha wekundu wake wote umekaa katika jangwa la Mojave, ambako karibu hakuna mtu, na Los Angeles imepata rangi za upole. Wasimamizi wa maafa waliweza kujua usiku uleule kwamba si lazima kuamsha kila hospitali.

Sasa niingie karakanani, maana ufundi wenyewe umo humo.

Kituo kimoja cha kupimia hutoa namba kadhaa. Kuna mchapuko wa juu kabisa, yaani ardhi ilibadilisha mwendo wake kwa ghafla kiasi gani. Kuna kasi ya juu kabisa. Kisha kuna makadirio ya jinsi jengo fupi, la kati na refu lingeyumba juu ya ardhi hiyo. Zimamoto hana shida na namba hizo. Anataka kujua kama nyumba zimeanguka. Kwa hiyo lazima pawepo mfasiri kati ya lugha ya mashine na lugha ya Mercalli. Mwaka 1999 Wald, Vincent Quitoriano, Thomas Heaton na Hiroo Kanamori walichukua matetemeko manane ya California, wakaweka kumbukumbu za mashine kando ya kumbukumbu za uharibifu, wakatafuta kipi kinakwenda na kipi. Waligundua kwamba kwenye mitikisiko midogo, mchapuko ndio unaofuatana vizuri na yale watu wanayosimulia. Kwenye mitikisiko mikali, kasi ndiyo inayofuatana na uharibifu. Mtu hushtushwa na mwendo wa ghafla; jengo huvunjwa na ardhi inayokwenda kwa nguvu ikidumu katika mwendo wake. Kwa hiyo programu hiyo ilitumia mchapuko kwenye ngazi za chini na kasi kwenye ngazi za juu, ikihama taratibu kutoka kimoja hadi kingine. Watumiaji wengi wa ramani hizo hawajui kama pana mshono hapo, na mshono usioonekana ndio humtambulisha fundi.

Tatizo la pili ni kwamba vituo viko vichache, na nyumba ziko kila mahali. Lazima ukadirie mahali ambapo hakuna mashine. Fundi wa pupa angechora mstari wa moja kwa moja kutoka kituo A hadi kituo B, kama mtu anayetaka kujua mvua ya Morogoro kwa kugawa mbili mvua ya Dar es Salaam na ya Dodoma. Lakini A huenda kiko juu ya mwamba na B kwenye kinamasi. Ukivichanganya hivyohivyo, utaupeleka ukali wa kinamasi kwenye vilima visivyostahili.

Walichofanya kinanikumbusha fundi cherehani, ambaye hampimi mteja aliyevaa koti la mvua. Anamwambia avue koti, anampima, anakata kitambaa, kisha mteja anavaa koti lake. Miaka ya mwanzo programu iliuvua udongo. Kila kipimo kiligeuzwa kuwa vile ambavyo kingekuwa kama kituo kingesimama juu ya mwamba mgumu. Ukadiriaji wa mahali pasipo na mashine ulifanyika kwenye mwamba huo wa kufikirika, ambako mambo hayarukiruki. Kisha kila mahali palivikwa udongo wake tena, na tope likarudishiwa ukuzaji wake. Hata ukuzaji huo haukubaliwi kuwa namba moja isiyobadilika, kwa sababu udongo laini ukitikiswa kidogo hukuza sana, lakini ukitikiswa mno huchoka, huachia, na hauwezi tena kupitisha kila kinachokuja kutoka chini.

Lakini koti la nani lina unene gani? Wataalamu hupima mwendo wa mawimbi ya kuyumbisha ndani ya mita 30 za juu za ardhi. Mwamba mzuri huyapitisha kwa mita 760 kwa sekunde au zaidi. Tope laini huyapitisha chini ya mita 180. Upimaji huo hugharimu, na sehemu kubwa ya dunia haijapimwa. Mwaka 2007 Wald na Trevor Allen walitoa njia ya mkato ambayo, nilipoisoma mara ya kwanza, nilicheka kwa furaha. Tazama mteremko, walisema. Udongo laini hauwezi kusimama wima. Hutiririka na kutulia bondeni. Mwamba mgumu hubaki na miinuko. Basi chukua ramani ya miinuko ya dunia iliyopigwa kwa rada kutoka kwenye chombo cha angani mwaka 2000, pima mteremko wa kila kilomita, na ukadirie ugumu wa ardhi kutokana nao. Mkulima yeyote wa mpunga angewaambia hivyohivyo kuhusu bonde lake, isipokuwa hakuna aliyekuwa amemwuliza kwa ajili ya dunia nzima.

Njia hiyo hudanganyika, na wenyewe walisema hivyo. Kuna nchi tambarare ambazo ni ngumu kama chuma. Bara kongwe lisilo na msukosuko limesuguliwa na mvua na upepo kwa mamilioni ya miaka hadi likawa bapa, bila kulainika. Ndiyo maana waliandika vipimo viwili, kimoja cha nchi zenye milima changa na kingine cha mabara yaliyotulia. Anayejua majabali ya Mwanza na Shinyanga, yanayochomoza katika nchi bapa, anaelewa tahadhari hiyo ilitoka wapi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi huliona kuwa kilele cha ufundi huu. Ramani ina mashahidi wa aina tatu, na hawasemi sawa. Wa kwanza ni mashine, iliyokuwapo na ambayo haidanganyi, lakini inajua tu sentimita chache za saruji ambayo juu yake imesimamishwa. Wa pili ni watu, walio wengi na waliotapakaa, ila wana hofu zao na nyumba zao. Wa tatu ni mlinganyo, kanuni ya hesabu iliyotungwa kutokana na maelfu ya kumbukumbu za matetemeko mengine: ukiipa ukubwa, umbali, kina na aina ya udongo, hukuambia mtikisiko wa kutarajiwa. Huyo wa tatu ni kama mzee wa baraza ambaye siku ya tukio hakuwapo, lakini ameshaamua kesi nyingi za namna hiyo.

Mzee huyo ana adabu nzuri: husema anaweza kukosea kwa kiasi gani. Na kiasi chenyewe ni kikubwa. Kwa kawaida, mlinganyo mzuri ukitabiri mchapuko fulani, karibu theluthi mbili ya vipimo halisi huangukia kati ya nusu ya utabiri huo na mara mbili yake. Theluthi iliyobaki huwa nje hata ya hapo. Ukiisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza unaweza kuvunjika moyo. Mafundi wa ramani hawakuvunjika moyo, kwa sababu shaka iliyopimwa inaweza kuwekwa kwenye mzani.

Kwanza humrekebisha mzee. Kama vituo vyote vilivyopo vinaonyesha kwamba tetemeko hili lilikuwa kali kuliko wenzake wa ukubwa huo, basi utabiri wote hupandishwa, hata pale pasipo na kituo. Kisha husikiliza kila shahidi kwa kadiri ya ukaribu wake. Mashine iliyoko mita 500 kutoka nyumbani kwako karibu inamnyamazisha mzee. Iliyoko kilomita 10 inagawana naye neno. Inapofika makumi ya kilomita, neno la mashine linafifia na mzee anabaki kusema peke yake. Mwaka 2018 Charles Worden na wenzake waliiandika upya hesabu hii yote kwa namna iliyo safi zaidi, ambapo kila kipimo, kila utabiri na kila uhusiano kati ya mahali na mahali vinaingia katika mfumo mmoja wa uwezekano. Hata kituo kilichopima kitu kimoja na kukosa kingine kinaweza kutoa ushahidi kuhusu kile kilichokosa, kwa kadiri vitu hivyo viwili huwa vinakwenda pamoja.

Matokeo yake ni kwamba nyuma ya kila ramani ya mtikisiko pana ramani ya pili, ambayo magazeti hayaichapishi kamwe: ramani ya shaka. Kila nukta ina namba inayosema, hapa tunaamini kiasi hiki. Ukiitazama ramani hiyo utaona visima. Penye kituo shaka hudidimia hadi karibu na sifuri. Ukienda mbali hupanda taratibu hadi kufikia shaka ya mzee mwenyewe, na huko huwa bapa. Mwaka 2008 Wald na wenzake walipendekeza hata ramani nzima ipewe herufi ya daraja, kama karatasi ya mtihani, kulingana na jinsi shaka ilivyotapakaa mahali palipotikisika sana. Nimejaribu kufikiria kazi nyingine ambayo fundi hukabidhi kiti pamoja na karatasi inayosema mguu gani hauaminiki. Sijaipata.

Shaka haitokani na udongo na umbali tu. Hutokana pia na wakati. Tarehe 6 Februari 2023, saa 10:17 alfajiri, tetemeko la 7.8 lilipiga kusini mwa Uturuki. Dakika za mwanzo kompyuta hujua mahali mpasuko ulipoanzia, nukta moja. Lakini tetemeko la ukubwa huo halitoki kwenye nukta. Ardhi ilipasuka kwa zaidi ya kilomita 300, kama kitambaa kinachochanwa, na mtikisiko ulitoka kando ya mpasuko wote. Mji wa Antakya ulikuwa zaidi ya kilomita 120 kutoka mahali pa kuanzia. Ukipima kutoka kwenye nukta, unaonekana uko mbali. Ukipima kutoka kwenye mpasuko, uko mlangoni, tena umekaa kando ya bonde la udongo laini. Baadhi ya vituo vya Uturuki katika mkoa wa Hatay, ambamo mji huo umo, vilipima mchapuko uliozidi ule wa kitu kinachoanguka kutoka juu.

Ndiyo maana ramani hizi hutolewa toleo baada ya toleo. La kwanza hutoka kwa haraka, likiwa na nukta. Baadaye wataalamu huchora mpasuko kutokana na mawimbi yaliyofika pande zote za dunia na picha za setelaiti, na rangi nyekundu hujinyoosha kufuata mstari. Wapo wanaolalamika kwamba ramani inabadilika, kana kwamba waliochora walikamatwa wakidanganya. Mimi naona kinyume. Msomaji wa toleo la kwanza alipewa kilichojulikana saa ile, na aliyerudi baada ya siku mbili akakuta kilichojulikana siku mbili baadaye, kila toleo na namba yake. Ningependa taarifa nyingine za serikali ziwe na tabia hiyo.

Kuna nyakati mashine moja humfundisha mzee adabu. Aprili 25, 2015, tetemeko la 7.8 lilipita chini ya Kathmandu, Nepal. Ukubwa na ukaribu ule ulitisha, na wengi walitarajia mji mzima ulale chini. Kituo kimoja katikati ya mji kilipima mchapuko wa takriban asilimia 16 tu ya ule wa kitu kinachoanguka, chini ya ilivyotarajiwa. Badala yake bonde lote, ambalo hapo kale lilikuwa ziwa, lilibembea polepole, bembea moja ikichukua sekunde 4 hadi 5. Nyumba nyingi fupi zilinusurika. Mnara mrefu wa Dharahara ulianguka. Anayeitazama ramani ya rangi moja ya ukali hawezi kuona tofauti hiyo ya mwendo. Lazima afungue zile ramani za majengo mafupi na marefu ambazo programu huchora pembeni na ambazo watu wachache huzifungua.

Mashahidi wa pili, yaani watu, wamekuja na utamu wao. Tangu mwaka 1999 Taasisi ya Jiolojia ya Marekani imekuwa ikiwauliza watu kwenye intaneti maswali ya Mercalli, yakiwa yamepangwa kwa alama. Jibu la mtu mmoja halina uzito mkubwa, maana mmoja alikuwa bafuni na mwingine alikuwa anaendesha gari. Lakini majibu ya mtaa mmoja yakijumlishwa, wastani wake hutulia kwa namna ya kushangaza na hulingana na mashine kwa sehemu za ngazi. Tetemeko la 5.8 la Virginia la Agosti 23, 2011 lilileta majibu zaidi ya 140,000, kutoka mashariki mwa Marekani ambako mashine ni chache na mwamba mkongwe hupeleka mawimbi mbali. Ramani yake ilichorwa, kwa kiasi kikubwa, na watu waliokuwa ofisini mchana.

Ushahidi huo una tobo lake, nalo huwa katikati. Mahali palipoumia zaidi ndipo majibu hukosekana, kwa sababu umeme umekatika, simu iko chini ya kifusi, na mwenye simu ana kazi nyingine. Aliyezoea kusoma ramani hizi hujifunza kuogopa ukimya.

Tetemeko la Kagera, Tanzania, lilikuwa karibu na ukubwa uleule wa lile la Virginia: 5.9, Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, kaskazini-magharibi mwa Bukoba, kwenye kina cha kilomita 40 hivi. Zaidi ya watu 15 walifariki na maelfu ya nyumba ziliharibika. Lilihisiwa Uganda, Rwanda na hata Kenya, na kina hicho ni sehemu ya sababu: chanzo kikiwa chini sana, mtikisiko wa juu yake hupungua makali lakini hutandaa. Mzee wa baraza lazima aambiwe kina sawasawa. Katika saa za kwanza, kina kisipojulikana, ni desturi kuandika kilomita 10 kama namba ya kushikia nafasi, na kwa namba hiyo mtikisiko wa Bukoba ungechorwa mkali na finyu kuliko ilivyokuwa.

Majibu ya watu kutoka huko yalikuwa haba, ukilinganisha na yale 140,000 ya Virginia. Sababu ya kwanza ni intaneti. Ya pili iko ndani ya maswali yenyewe. Yanauliza kama vitu vilianguka kutoka kwenye rafu, kama picha ukutani zilikaa upande, kama jokofu lilisogea, kama bomba la moshi la nyumba lilivunjika. Wood na Neumann waliandika kwa ajili ya nyumba ya Marekani, na roho ya nyumba hiyo bado imo kwenye fomu. Nyumba ya tofali za udongo ya Missenyi, huko Kagera, haina bomba la moshi. Ina mtungi wa maji, ina chungu juu ya mafiga, ina pembe ya ukuta ambayo hufunguka kabla ya kuta zenyewe kuanguka, na kila mwenye nyumba hiyo anajua kuisoma. Ngazi za Mercalli zinaweza kufundishwa lugha hiyo, kama zilivyofundishwa ya Marekani mwaka 1931.

Mlinganyo nao una kasoro ya kwao. Kumbukumbu nyingi zilizomlea mzee zilitoka California, Japani, Taiwan, Italia na Uturuki. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki limemchangia kidogo sana. Anahukumu kesi ya Kagera kwa uzoefu wa ugenini, na shaka aliyoitangaza haijui yote ambayo hakuwahi kuyaona.

Sekondari ya Ihungo, shule kongwe iliyo juu ya kilima kando ya mji wa Bukoba, iliharibika vibaya siku ile hadi ikalazimika kujengwa upya. Ramani ya mtikisiko huutazama mteremko wa kilima na kukisia mwamba, na mwamba maana yake upole. Haihesabu kwamba mgongo wa kilima huweza kuyakusanya mawimbi na kuukuza mtikisiko juu yake, na haijui umri wa kuta zilizosimama pale. Katika mraba wake wa kilomita moja, Ihungo na bonde lililo chini yake ni karibu kitu kimoja. Kituo cha kudumu cha mtandao wa dunia kilicho jirani zaidi kipo Mbarara, ng'ambo ya mpaka. Kutoka huko hadi kwenye kilima kile ni zaidi ya kilomita 100, na kisima cha Mbarara kwenye ramani ya shaka hakifiki huko.